Muuza miche wa Mwenge aliyekataa hela yangu

Wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo nimewazoea: taja mti wowote, wanao, na wasipokuwa nao "kesho unaletwa, mama". Huyu wa upande wa Mwenge ana tabia nyingine.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya Cornus capitata, mti wa milima ya Himalaya usiopukutisha majani. Maua yake ni ya rangi ya siagi, ingawa kile unachodhani ni petali ni majani tu, maua yenyewe ni madogo mno, yamesongamana kwenye kitufe pale katikati. Tunda lake jekundu linaliwa. Mimi nilivutwa na habari za dawa: magome ya ndugu yake wa Marekani, Cornus florida, watu waliyachemsha kutuliza homa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, kwinini ilipoadimika kule kusini.

Kijana akacheka. "Mama, huu wa baridi. Jamaa yake yupo Kilimanjaro, msituni huko juu. Hapa Dar utamwagilia mpaka bili ya maji ikushinde, na bado utakauka." Angenipa mche wowote wenye majani ya kufanana, ningejuaje?

Nikachukua muarobaini, 3,000 baada ya kuvutana. Kabla sijalipa akapasua kitako cha kiriba kwa wembe ili nione mzizi. Wa kwanza ulikuwa umejizungusha kwa kukaa mno kitaluni, akauweka pembeni bila kuombwa. Wa pili ulinyooka. Akasisitiza niupande mbali na ukuta na karo.

Kwenye tiba hakupiga chumvi. Majani ya kuchemsha ni ya kuogea ngozi inayowasha, makavu nitie kwenye gunia la mahindi kufukuza wadudu, na mafuta ya mbegu asinyweshwe mtoto, yana sumu. Homa je? "Kapime kwanza. Ikiwa malaria, meza mseto." Jirani yake mwenye meza ya unga wa magome ana chupa moja ya sukari, presha, ngiri na nguvu za kiume, yote humo humo. Hiyo nimeipita.

Kasoro zipo. Pa kuegesha gari hakuna, na asubuhi anachelewa kufungua. Miembe ya kubebesha nayo anaikazia bei, hapunguzi hata mia.