Daftari la Kusamehe la REACH: Saa Tatu, Biki Moja, Viti Viwili

Daftari la REACH, linalomwongoza mtu kusamehe hatua kwa hatua, ni la bure. Mtungaji wake, Everett Worthington, mwanasaikolojia na profesa mstaafu wa Virginia Commonwealth University huko Marekani, ameliweka mtandaoni kila mtu apakue, kwa hiyo mtu wa Bagamoyo analipia kuprinti steshenari tu. Printi upande mmoja wa karatasi. Wino wa biki hupenya, na humu kuna kuandika kwingi. Ukiprinti pande zote mbili, ukifika hatua ya mwisho inayokutaka urudi kusoma ulichoandika, utakuta maneno yamepandana.

Matoleo yako mawili, la Kikristo na lisilofungamana na dini yoyote. Wakikaa kikundi cha Waislamu na Wakristo pamoja, chukueni la pili, kila mtu aongeze ya kwake. Mwislamu atakumbuka Sura ya 42 aya ya 40, kwamba mwenye kusamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Mkristo atakumbuka saba mara sabini. Daftari halizuii.

Mafundisho ya kiroho ya siku hizi, ya mitandaoni hasa, yote yanaahidi kwamba ukisamehe utapata amani ya moyo. Mengi yanaishia hapo hapo kwenye ahadi. Daftari hili linakuambia ukae wapi, uandike nini, kisha ufanye nini ukikwama, na limepimwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalihusu watu 4,598 wa Colombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine. Kundi moja lilijaza daftari, jingine likasubiri wiki mbili. Waliojaza walipungukiwa kinyongo, na pia dalili za sonona na wasiwasi. Kazi nzima huchukua takriban saa tatu. Afrika Mashariki haikuwemo, na pengo hilo linaonekana, kama tutakavyoona.

Nguzo ya mbinu hii ni kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili tayari kina maneno yake. Kuna kusamehe, yaani kuamua kwamba hutalipiza. Na kuna kutoa kinyongo, ambako moyo wenyewe unalegea. La kwanza linaweza kumalizika asubuhi moja. La pili lina mwendo wake. Watu wengi hudhani msamaha wao ni wa uongo kwa sababu wamesema "nimekusamehe" na bado kifua kinawabana wakimwona mhusika sokoni. Msamaha wao ni wa kweli, ila umefika nusu.

Herufi tano za REACH ni hatua tano, kila moja ikianza na neno la Kiingereza. Tuchukue mfano mmoja tuupitishe zote: kaka mkubwa ameuza kiwanja cha urithi huko Nianjema (jina la kata lenyewe linachekesha katika kisa hiki) bila kuwaambia wadogo zake.

R (recall) ni kukumbuka, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Unaandika tukio mara mbili: kwanza kwa uchungu wako wote, halafu kama mwandishi wa habari asiyemjua yeyote kati yenu. Kosa la kawaida ni kuandika mara mbili kitu kile kile. "Kaka alitudhulumu kwa tamaa zake" ni andiko la kwanza. La pili liwe hivi: "Kiwanja kiliuzwa. Wadogo watatu hawakuitwa. Walipata habari kwa mnunuzi alipoanza kumwaga mawe." Pitia kila sentensi na ujiulize kama kamera ingeweza kuliona jambo hilo. Kamera haioni tamaa. Kata. Ukibakiwa na mistari mitano au sita, umefanya vizuri. Na chagua kosa moja tu. Anayejaza "kila alichonifanyia kaka tangu utotoni" atatumia saa tatu kwenye R na ataondoka na hasira mbichi kuliko alizokuja nazo.

Hapa daftari linawashinda wazee wetu. Kwenye vikao vingi mtu hajamaliza kueleza kilichomuuma, mara anakatizwa na "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Methali ni nzuri, lakini ikitangulia kabla ya maelezo inafunika kidonda chenye usaha.

E (empathize) ni kujiweka mahali pa mkosaji. Weka viti viwili vikitazamana. Kaa cha kwanza, mseme kaka yako kana kwamba yupo. Hamia cha pili, ujibu kama yeye. Jibu litoke kwenye maswali ambayo daftari linakupa: alikuwa na shinikizo gani, alilelewaje, ni mtu wa tabia gani, nini kilimchokoza, na alikusudia nini hasa. Zoezi huharibika pale mtu anapokaa kiti cha pili na kumlazimisha kaka aseme, "Nisamehe mdogo wangu, mimi ni mwizi." Hiyo ni radhi unayoitaka wewe. Jibu la kweli linaudhi: "Nilikuwa na deni, na mngenikatalia." Ukilisikia likakukera, zoezi linafanya kazi. Kumwelewa hakumtoi hatiani.

Tatizo la viti hivi ni la nyumba zetu. Katika nyumba ya kupanga, ambako ukuta ni mmoja na jirani anasikia hata kijiko kikianguka, mtu anayejibizana na kiti kitupu ataitiwa shehe au mchungaji kabla ya adhuhuri. Andika mazungumzo hayo kama mchezo wa kuigiza, mstari kwa mstari, na bado uhame kiti kila msemaji anapobadilika. Kuhama ndiko kunakosaidia, usikuruke kwa uvivu. Huruma ikikataa kabisa kuja, daftari linaruhusu kidogo: ukiweza kumsikitikia tu, endelea.

A (altruistic gift) ni kutoa msamaha kama zawadi. Unakumbuka siku uliyosamehewa wewe na jinsi mzigo ulivyoshuka, kisha unajiuliza kama uko tayari kumpa mwingine hali hiyo. Aliyezoea sadaka ya siri hahitaji maelezo marefu. Anayejibu "sijawahi kumkosea mtu" arudi kesho.

C (commit) ni kujifunga na uamuzi. Unaandika hati fupi kwamba umesamehe, unaweka tarehe. Kuna pia zoezi la kuandika kosa kwa neno moja kiganjani kisha kunawa. Tumia biki, haitoki yote mara ya kwanza, na hilo ndilo fundisho, kwamba utarudia. Makapeni itakaa siku nzima. Hina na piko visifikiriwe kabisa, labda unataka kinyongo cha wiki mbili.

H (hold) ni kushikilia. Unaambiwa usimfikirie dubu mweupe, na bila shaka unamfikiria; chanzo chake ni jaribio la mwanasaikolojia Daniel Wegner la mwaka 1987. Dubu si mnyama wa huku, weka kunguru mweupe, matokeo ni yale yale. Wazo ukilifukuza kwa nguvu linarudi, kwa hiyo kumbukumbu ya kiwanja ikija, usiipige vita. Soma hati yako na tarehe yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mshtuko ule si kinyongo kilichorudi, ni mwili unaojilinda. Maelezo ya hatua hii ni mafupi mno kwenye daftari, ilhali ndiyo inayoishi muda mrefu kuliko zote.

Sasa pengo lenyewe. Daftari linamfanya mtu asamehe peke yake chumbani. Pwani tunasameheana. Kabla ya Ramadhani watu hupita kuombana radhi, anayekwenda hija hufanya hivyo hivyo, na ugomvi wa ndugu huenda kwa wazee. Katika mfano wetu, mdogo mtu anaweza kumaliza herufi zote tano na bado wadogo wenzake wawili wakamwona msaliti aliyemaliza mambo kimya kimya. Dawa ni kulitumia daftari kama maandalizi ya kikao: R na E fanya mapema, kisha nenda kwa wazee na ile mistari sita ya kamera. Utasikilizwa zaidi kuliko anayefika analia.

Na neno kusamehe lina mtego, kwa sababu ndilo hilo hilo tunalotumia kwa deni. "Nimekusamehe" masikioni mwa kaka linaweza kumaanisha kiwanja kimekwisha. Tenganisha kwa maneno: "Sina kinyongo nawe kaka, lakini fungu langu nalidai." Kusamehe hakukuzuii kwenda Baraza la Kata, ambalo kazi yake sasa ni kusuluhisha, wala kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wanaolinganisha bidhaa watauliza habari za nyingine. Njia ya Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini na binti yake Mpho, iliyotoka mwaka 2014, ina hatua nne: kusimulia, kutaja kilichouma, kusamehe, kisha kuufufua uhusiano au kuuacha. Hatua hiyo ya nne haina mfano kwenye REACH na inafaa sana kwa ndugu. Njia hiyo ina pia zoezi la kushika jiwe asubuhi nzima bila kuliweka chini, kwa mkono usioutumia sana; ukiokota la matumbawe ufukweni, chagua lililolainika, vinginevyo kiganja kitachubuka. Kozi ya Miujiza (A Course in Miracles), kitabu cha mafundisho ya kiroho cha mwaka 1976, ina masomo 365, moja kwa siku, na msamaha wake ni mwingine kabisa: inafundisha kwamba kosa lenyewe si halisi. Mwambie hivyo ambaye kiwanja chake kimeuzwa. Zile sentensi nne za Kihawaii zinazozunguka mitandaoni kwa jina la ho'oponopono, za kuomba samahani, msamaha, shukrani na upendo, zinatuliza pumzi, basi. Ajabu ni kwamba ho'oponopono ya asili ilikuwa kikao cha familia chini ya mzee, kama chetu; matoleo ya mtandaoni yaliacha kikao yakabaki na maneno.

Mahali pa kukaa hapa Bagamoyo: ufukweni karibu na soko la samaki asubuhi hapafai, mnada unaingia mpaka kwenye R. Kivuli cha miembe ya Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuweka kijiji cha watumwa waliokombolewa, kinafaa kwa hatua zote isipokuwa ya viti. Watu hupenda kusema jina la mji, Bwagamoyo, linaitikia zoezi hili. Sawa, ila dhuluma ya ukubwa wa utumwa si ya daftari la saa tatu, na lenyewe halidai hivyo.

Asilitumie ambaye bado anapigwa au kutishwa. Huyo aanzie dawati la jinsia na watoto la polisi. Kutafuta kumwelewa mkosaji akiwa bado mlangoni humrudisha mtu kwenye kipigo. Mwenye msiba mbichi naye asubiri.

Alama: 4 kati ya 5 kwa kosa moja, la mtu mmoja, lililokwisha. Kwa ugomvi wa ukoo, 2, mpaka uongezewe kikao. Nakala iliyojazwa isirudi steshenari kutolewa kopi kwa ajili ya shoga au jirani aliyevutiwa; aprintiwe yake, safi.