TAHADHARI: Kopo jeupe la "mafuta ya karoti" Kisenyi na Owino

Ndugu zangu wa Kampala, hasa mlio na mabinti wanaojiandaa kwa kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), someni kabla hamjatuma hela.

Kuna mama anazunguka Kisenyi hadi upande wa Owino na kopo dogo jeupe lisilo na maandishi. Anasema ni mafuta ya kuifanya ngozi iwe nyeupe, karoti na manjano, asili tupu. Shilingi 60,000. Wateja wake ni maharusi, na anajua pa kuwagusa.

Mdogo wangu ni mweusi tii, rangi ya marehemu mama. Shangazi mmoja alimwambia mbele za watu, "Kwenye picha za kwanjula tutaona meno tu." Tukacheka, na mimi nikiwemo. Wiki hiyohiyo akanunua kopo.

Mwanzoni uso uling'aa kweli, sitasema uongo. Wiki ya tano mashavu yakawa mekundu kama yaliyopigwa na mvuke wa sufuria, vinyweleo vikaota kidevuni, na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vilevile. Alipompigia, yule mama akajibu, "Huo ni uchafu unatoka, mwanangu," akamuuzia kopo la pili "la kutuliza", 80,000. Hela ilipoingia tu, namba ikazimwa.

Daktari wa ngozi alisema dalili hizo ni za steroidi kali, zile dawa za ukurutu watu wanazokorogea kwenye losheni. Kama umeshapaka muda mrefu, mwone daktari kabla ya kuacha ghafla. Ngozi inaweza kulipuka zaidi.

Lakini kilichonitisha ni kingine. Yule mama alimwagiza avue pete na hereni kabla ya kupaka. Shirika la Afya Duniani linasema krimu inayokuonya usigusishe dhahabu wala fedha huenda ina zebaki, na zebaki huharibu figo. Kopo letu halijapimwa, sitasema imo. Ila UNBS, shirika la viwango la Uganda, ilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), na kopo lisiloandikwa chochote halina cha kusomwa na mkaguzi. Hata alama ya Q, ile ya ubora ya UNBS, halina.

Ukimwona, usibishane naye bei. Piga picha ya kopo, upeleke UNBS. Jirani ameniambia juzi yule mama alikuwa nje ya saluni moja, bei ileile, ila kifuniko sasa ni cha kijani.