Tahadhari: Beetle ya krimu "ya 1963", inua kiti cha nyuma kabla hujatuma arubuni

Wapenzi wa magari ya zamani Nairobi, kuna Volkswagen Beetle ya rangi ya krimu inayotangazwa mtandaoni kama modeli ya 1963, "imefanyiwa kila kitu, ni kuwasha tu na kwenda". Leo iko Ngong Road, wiki ijayo imehamia Kiambu Road. Nambari ya simu hubadilika, picha ni zile zile: gari kwenye nyasi, rangi inang'aa, bampa zimepigwa kromu. Gari hilo si la 1963, karatasi zake si zake, na sakafu yake ni vipande vya bati vilivyofunikwa lami nyeusi.

Aliyezoea Corolla hukosa jambo moja hapa. Bodi ya Beetle imekaa juu ya chesisi kama sufuria juu ya meko. Fungua boliti za pembeni, ita watu sita, bodi inanyanyuka. Ndiyo maana chesisi moja inaweza kuvaa bodi ya gari jingine, na kibati cha nambari ya chesisi kilichoko mbele, ndani ya buti nyuma ya gurudumu la akiba, kinaweza kutoka kwa gari la tatu. Kibati hicho kimeshikwa na riveti tu. Kukitoboa na kukihamisha ni kazi ya dakika tano. Nambari ya kuamini ni ile iliyopigwa kwenye uti wa chesisi, chini ya kiti cha nyuma.

Na hapo ndipo mchezo unaonekana. Muuzaji huyu hukufungulia buti ya mbele bila kuombwa, akakuonyesha kibati kwa tochi ya simu. Ukiomba kuona chini ya kiti cha nyuma, unaambiwa kimeshonwa upya, kimefungwa kwa skrubu, usije ukakiharibu. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia. Hakuna mwenye Beetle anayefunga kiti cha nyuma kwa skrubu, maana kila akitaka kugusa betri atahitaji bisibisi. Ukikuta skrubu, kuna kitu kimefichwa.

Kiti kikiinuliwa, futa uti wa chesisi kwa kitambaa chenye thina. Beetle ya 1963 ina nambari ya tarakimu saba. Kuanzia modeli ya 1965 zikawa tisa: mbili za kwanza ni aina ya gari (11 ni Beetle ya kawaida), ya tatu ni mwaka. Kwa hiyo 117 ni modeli ya 1967 na 118 ni ya 1968. Kuanzia 1970 zikawa kumi, ya nne ikiwa 2, kama 113 2… kwa modeli ya 1973. Kumbuka mwaka wa modeli huanza Agosti, hivyo gari lililotoka kiwandani Oktoba 1967 ni modeli ya 1968 na hakuna aliyekudanganya. Hii ya krimu, chini ya kiti, inaanza na 118.

Tazama pia umbo la tarakimu. Za kiwandani zina kimo kimoja na zimesimama kwenye mstari. Ukiona moja imeinama, alama za jiwe la kusagia, au kipande cha chuma kilichochomelewa kuzunguka nambari, acha ufunguo mezani uende zako.

Kama kiti hakiinuki kabisa, gari lenyewe litasema. Vua kifuniko cha gurudumu uhesabu boliti. Ya 1963 ina tano zilizopangwa kwa duara pana. Nne zilikuja miaka kadhaa baadaye. Taa za mbele za 1963 zimelala kufuata mteremko wa fenda, za 1968 zimesimama wima. Kioo cha mbele kiliongezwa ukubwa modeli ya 1965. Fenda na taa hubadilishwa kwa urahisi, na hapa zimebadilishwa, lakini ingia chini utazame ekseli ya mbele. Ya 1963 ina kingpini (pini nene ambazo magurudumu hugeukia) na nipo za kupigia grisi. Ukikuta bolijointi (viungo vya duara mahali pa pini hizo), umevuka Agosti 1965. Wakora hawajisumbui kubadilisha ekseli nzima kwa ajili ya picha.

Injini nayo ina nambari, chini kidogo ya kiti cha jenereta. Ikianza na H ni ya cc 1500, haikuwako kwenye Beetle ya 1963. Kubadilisha injini si kosa, Beetle nyingi za hapa zimebadilishwa, ila nambari iwe ndani ya logbook, yaani kitabu cha usajili wa gari. Isipokuwemo, mzigo wa kwenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuirekebisha ni wako, na utaulizwa injini ilitoka wapi.

Bei anaihalalisha kwa hadithi kwamba gari lilikimbia Safari Rally. Ni kweli Volkswagen ilishinda Safari 1954, 1957 na 1962. Sasa kila Beetle yenye kibandiko mlangoni imekuwa bingwa. Bila picha za wakati ule zenye nambari ya usajili inayoonekana, hadithi hiyo isikuongezee hata shilingi.

Kuhusu usajili: gari lililosajiliwa Kenya miaka ya 1960 lina K, herufi mbili na tarakimu, basi. Herufi ya mwishoni ilikuja na mfumo wa KAA. Ukiona plati ya mfumo mpya kwenye gari "lililozaliwa hapa 1963", taka maelezo kwa maandishi. Na anayekuambia analo jingine limekwama bandari ya Mombasa, linahitaji pesa za kulitoa tu, mwulize kibali. Kanuni ya miaka minane kwa magari yaliyotumika, kwamba yaliyozidi umri huo hayaingizwi, inajulikana na kila wakala wa forodha.

Logbook unayoonyeshwa ni fotokopi. Mwenyewe "yuko ng'ambo", au ni marehemu na "familia imekubali". Familia kukubali hakutoshi. Gari la marehemu huhamishwa kwa hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, ulipie utafutaji wa rekodi ya gari. Ada yake ni ndogo kuliko nauli ya teksi ya kwenda kuliona. Rekodi itakupa jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na ya injini. Linganisha na ulichosoma chini ya kiti, tarakimu kwa tarakimu. Uhamisho siku hizi huanzishwa na muuzaji mwenyewe kwenye akaunti yake, wewe ukaukubali kwenye yako. Asiyeweza kuuanzisha mkiwa mmeketi pamoja hana gari la kuuza.

Sasa bodi. Chukua sumaku ya friji, ifunge kitambaa laini, ipitishe chini ya milango, kuzunguka mataa na pembe za fenda za nyuma. Ikidondoka, hapo ni fila, ule udongo wa kuziba mashimo kabla ya rangi. Kidogo kwenye mlango si neno. Kibaya ni mabomba ya hita, yale mashavu marefu yaliyo chini ya milango pande zote mbili. Hayo ndiyo yanayoipa bodi nguvu. Weka jeki kwenye sehemu yake, inua upande mmoja, kisha fungua na kufunga mlango. Pengo likibadilika au mlango ukikwama, mabomba yameoza na kilichobaki ni rangi. Inua zulia, gonga sakafu chini ya betri kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya bati zima ni kavu. Ikiwa kama unagonga kadibodi, kuna faibaglasi chini ya hiyo lami. Tindikali ya betri huanza kula hapo kabla ya pengine popote.

Injini utaikuta tayari ina joto. Kataa, rudi asubuhi. Imezimwa, shika puli ya chini uivute na kuisukuma: ikicheza ukasikia "tok", krankshafti imezidi mwendo wake. Kikomo ni milimita 0.15, na tiba yake ni kuifungua injini yote. Pima mgandamizo, hasa silinda ya tatu. Kwenye injini hizi kipoza-oili kimekaa kwenye njia ya hewa ya silinda hiyo, kwa hiyo silinda hupata joto zaidi na vali yake ya ekzosti ndiyo huungua kwanza. Angalia mabati na raba zinazozunguka injini. Zikikosekana, inavuta hewa yake moto yenyewe, na jamu ya Thika Road itaimaliza. Mpira wa petroli uliopasuka karibu na kabureta ubadilishwe kabla ya kuwasha tena, mipira ya aina hii ndiyo huteketeza Beetle.

Arubuni anaitaka kwa M-Pesa "kulishikilia, kuna mwingine anakuja saa nane", na presha huzidi Concours, yale mashindano ya urembo wa magari ya Ngong Racecourse, yakikaribia Septemba. Jina linalotokea kabla ya kubonyeza PIN si lake wala la mwenye logbook. Hapo simama.

Aliyekwisha kutuma atume ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, sasa hivi, kabla pesa hazijatolewa. Kisha kituo cha polisi, uandikishe kwenye OB, daftari la matukio, ukiwa na picha za tangazo, nambari zote za simu na rekodi ya NTSA iliyochapishwa. Uliyepiga picha ya nambari ya chini ya kiti, iambatanishe pia. Rangi ya krimu huenda ikawa kijani wiki ijayo.