Chupa ya pampu ya mkono ya kuosha laini ya bia: bomba moja nyumbani, inatosha

Kama uko na kegi moja na bomba moja kwa nyumba, hiyo mashine ya umeme ya kuzungusha dawa achana nayo kwanza. Chukua hii chupa ya lita moja ya kupampu na mkono, hizo pesa zingine ununue dawa ya maana, juu dawa ndio inaosha. Laini, yaani ule mpira unaotoa bia kwa kegi hadi kwa bomba, ya mita moja na nusu yenye tundu la milimita 5 haishiki hata mililita 30, sasa lita moja si inapita hapo ikirudia hadi ichoke.

Mimi niko Nakuru na hadiwea za hapa ukiuliza kitu kama hiki unaonyeshwa brashi ya choo, kwa hivyo niliagiza online ikaletwa na matatu kama paseli. Kuitumia si kazi. Unafunga gesi, unatoa kapla (kile kichwa kinachofungwa juu ya kegi), unafungua bomba na ile spana yake ya jino (yangu inafunguka ukizungusha vile mshale wa saa unaenda, usiilazimishe upande ule mwingine), halafu unafunga mpira wa chupa pale bomba lilikuwa na unapampu, dawa inarudi nyuma hadi kwa kapla ambayo umeweka ndani ya ndoo. Sasa kapla zingine ziko na kigololi kidogo ndani cha kuzuia bia isirudi, usipokitoa utapampu mpaka mkono uume na hakuna kitu inatoka, na hiyo karatasi ya maelekezo haisemi. Acha dawa ikae dakika 20, pampu ingine, kisha maji safi mengi. Bomba lenyewe lifungue lote na ulisugue na brashi, uchafu mwingi unajificha hapo.

Dawa ya kostiki, ile kali ya kuosha laini, changanya kama asilimia 2 na maji vuguvugu, yasipite nyuzi 43. Vaa glavu na miwani, hii kitu inakula ngozi na macho. Jik ni ya nguo, harufu yake inabaki kwa plastiki na bia inakuja na ladha ya swimming pool. Kila wiki mbili osha na kostiki, na kila miezi mitatu pitisha ya asidi ya kutoa yale mawe ya bia (ukoko mgumu unaoganda ndani ya laini), lakini suuza kabisa katikati, hizo mbili zisikutane. Karatasi za litmasi nunua, ni bei rahisi, maji yanayotoka yakisoma sawa na ya mfereji ndio umemaliza.

Kuna wenye wanatumia ile pampu ya agroveti ya lita 2 ya kupulizia maua. Inafanya, bora iwe mpya kabisa, iliyowahi kushika dawa ya wadudu hata usifikirie. Shida ni kuiunganisha na bomba, utazunguka mji ukitafuta kiungo.

Jamaa yangu wa Kisumu ako na mabomba matatu, na vile kule kuna joto na laini zake zinatoka nje ya friji, yeye pampu ya umeme inamfaa, dawa ikizunguka bila kusimama inasugua vizuri kuliko ya kukaa tu.

Nyota nne kwa tano. Moja nimetoa juu ya mpira wa kifuniko, unaanza kuvuja mapema na hawakuweka hata mmoja wa spea.