Tochi ya kumulika mayai: nilichokipenda ni mpira, si taa

Haya, karibuni tena wafugaji wenzangu! Wa Utawala, wa Ruai, wa Kayole, na nyinyi wa Kangemi mnaofuga juu ya paa na landilodi hana habari. Leo nina kitu kidogo tu, kinaingia mfukoni, lakini tangu kifike hapa nyumbani, jua likizama mimi natafuta yai la kumulika. Hiki hapa. Tochi ya kukagulia mayai.

Kwa wale wageni: kuku akishalalia mayai, anakaa siku 21. Hizo ni siku nyingi za kukisia. Ukimulika yai gizani unajua kama ndani kuna kifaranga kinakua, au ni yai bure limepanga nyumba na halilipi kodi. Mambo ya betri, chaji na urefu wa waya siwasomei, yako kwenye boksi, na tochi ni tochi.

Mimi nataka muone hapa mbele. Kijana, leta kamera karibu. Huu mdomo wa mpira. Laini, unabonyea, ona. Wauzaji wote wanakupigia kelele za mwanga, mwanga, mwanga, na hakuna anayekuonyesha mpira. Na kazi yote iko kwa mpira.

Zima taa ya sebuleni. Na ya jikoni pia, inaingiza mwanga. Haya. Kwanza nauvua, ndiyo, unatoka. Tochi tupu kwenye yai. Mnaona nini? Mnaona vidole vyangu. Mwanga unamwagika pembeni, unanipiga machoni, na yai limebaki ganda lenye madoa. Mwanga uko mwingi, lakini hauingii. Sasa narudisha mpira. Nashika yai upande mnene ukiwa juu, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi ya hewa, naukandamiza mpira hapo, taratibu, mpaka nisione mwanga ukitoroka...

Ooh! Jamani. Limewaka lote.

Hili ni la siku ya nane, la kienyeji, ganda la kahawia hafifu. Hapa juu palipo peupe ni hewa. Shuka kidogo. Hiyo mishipa myekundu yote inatoka mahali pamoja halafu inatawanyika, kama njia za matatu za Nairobi, zote zinaanzia katikati ya mji. Sasa tazama hiyo nukta nyeusi. Ngoja nitulize mkono. Tulia... imecheza! Kijana, umeipata? Niambie umeipata. Hiyo nukta ni jicho. Huyo ni kifaranga na yuko hai.

Tuendelee na hili lingine. Mwanga unapita moja kwa moja, hakuna mshipa, kuna kivuli tu cha kiini kinachoelea nikizungusha. Hili ni tupu. Ama jogoo hakulifikia, ama lilikufa mapema mno, na tochi haiwezi kukutenganishia hayo mawili. Hapo hapo niwajibu mnaoniuliza kila wiki kama mnaweza kumwekea kuku mayai ya duka. Mayai ya kawaida ya trei yanatoka kwa kuku wa mayai wasiokaa na jogoo. Kuku wako atayalalia kwa uaminifu wote siku 21 na hutapata hata nyoya.

Na hili la tatu, hili ndilo linaloniuma. Ona huo mstari wa damu umezunguka ndani, duara kabisa. Mishipa iliyokuwa imetawanyika sasa imerudi nyuma ikawa pete. Lilianza, likafa. Yai hili linatoka leo usiku, kwa sababu ukiliacha kwenye joto la kuku linaoza, linajaa gesi, na siku moja linapasuka kiotani na kuchafua wenzake. Harufu ya yai viza lililopasuka, usiombe.

Ah, na kitu kingine kilichonifurahisha: nyufa. Macho hayaoni, tochi inaona. Mstari mwembamba mweupe ubavuni, hapo bakteria wana mlango.

Sasa washindani. Kuna tochi ya simu. Kila mtu anayo, haina gharama, na watu wanaweka kigogo cha tishu, ile karatasi ngumu ya katikati, juu ya taa, wanalaza yai hapo. Mimi siipendi. Simu ni pana, mkono mmoja hautoshi, na kigogo hakifuati umbo la yai, mwanga unavuja. Ingawa, niseme ukweli, kama mayai yako ni meupe au ya krimu, simu itakutosha vizuri tu. Shida ni ganda la kahawia iliyokolea. Hapo hata tochi hii siku ya nne au ya tano inakuonyesha ukungu, ndiyo maana nasema subiri siku ya saba.

Wale wa kutumbukiza yai kwenye maji, tafadhali. Maji yanakuonyesha ukubwa wa nafasi ya hewa, basi. Na ganda lina vitundu vidogo visivyoonekana. Ukitoa yai la moto chini ya kuku ukalitia maji baridi, linavuta maji na uchafu wake ndani. Na kama kifaranga kimeshaanza kutoboa ganda, utakizamisha. Wa kutikisa yai sikioni nao, hebu muwaache watoto wa watu walale.

Nirudi kwa tochi, nina ugomvi nayo. Kitufe! Ukibonyeza mara ya kwanza, mwanga mkali. Mara ya pili, mwanga hafifu. Mara ya tatu, inametameta. Nani alikaa chini akaamua mtu anakagua yai kwa taa ya kumetameta? Na huwezi kuzima bila kupitia hapo. Uko gizani, yai mkononi, kuku amekasirika, na tochi inakupigia disko. Inaniudhi kila siku.

Bei. Nimeinunua barabara ya Luthuli, mjini Nairobi, kwa shilingi mia nane, baada ya muuzaji kuanza na elfu moja na mia mbili na mimi kujifanya naondoka. Mtandaoni zipo za chini ya hapo, lakini ongeza ya kuletewa, tena angalia picha, nyingi hazina mpira, zina plastiki ngumu. Plastiki ngumu usinunue. Hapo ni heri simu. Mia nane ni ghali? Kama una kuku mmoja anayelalia mara mbili kwa mwaka, ndiyo, ni ghali, azima ya jirani. Kama una mashine ya kuangulia, hata usifikirie mara mbili.

Sasa kumtoa kuku mwenyewe. Nenda usiku, huwa mpole. Vaa mikono mirefu, huyu wangu anadonoa kama nina deni lake. Mwinue polepole na upitishe mkono chini ya mabawa kwanza, maana yai huwa limebanwa hapo, ukimnyanyua kwa pupa linaanguka. Usiogope kwamba mayai yatapoa. Yeye mwenyewe hutoka kila siku kula, kunywa na kujisaidia, na hakuna kinachoharibika. Dakika chache tu, urudishe.

Na penseli! Weka alama siku unayomwekea mayai. Penseli, si kalamu ya wino. Kuku wengine wana tabia ya kuja kutaga kwenye kiota cha mwenzao. Ukimulika bila alama, utaona yai tupu, utasema jogoo wako hafai, kumbe limetagwa leo asubuhi. Majogoo wangapi wameishia kwa sufuria kwa kusingiziwa hivi!

Ukiwa na shaka na yai, rudisha, angalia tena baada ya siku tatu, nne. Siku ya 14 linakuwa jeusi karibu lote, limebaki eneo la hewa juu lenye mpaka safi, hilo ni zuri. Kuanzia siku ya 18 weka tochi kabatini, kifaranga kinajipanga kutoka, mwache mama afanye kazi yake. Bata wengi ni siku 28, kwa hiyo msinihesabie bata kwa kalenda ya kuku.

Habari za chaneli: kuanzia sasa video mpya tunaipandisha Ijumaa saa mbili usiku, si Jumapili, kwa sababu Jumapili nyote mko kwa watu mnakula kuku. Wiki ijayo ni mashine ndogo za kuangulia, ikiwemo moja ya pale Nyamakima ambayo muuzaji amekataa nisiifungue mbele yake, nami nitaifungua. Kijana, washa taa, na hili la pete ya damu lipeleke nje kabla halijatunukia hapa mezani.