Tuyo nyeusi ya PEHD 32 Goma: pesa ziende kwenye mchanga, sponji iache dukani

Kwa laini ya kuzika, kutoka mita ya maji hadi tangi la uani, tuyo nyeusi ya PEHD (plastiki ya polyethylene) yenye mistari ya buluu inaishinda PVC ya gundi. Inapinda kufuata mawe, na roli la mita 100 linakufikisha bila kiungo hata kimoja njiani.

Ila iwe ya kweli. Maandishi PE100 SDR11 PN16 yaonekane kila mita: PE100 ni aina ya plastiki, PN16 ni presha ya bar 16. SDR11 maana yake ukigawa kipenyo cha nje kwa 11 unapata unene wa ukuta: kwa tuyo ya milimita 32, karibu milimita 3. Nenda dukani na kaliper, pima ncha pande nne. Ikisoma 2, hiyo ni SDR17 ya bar 10, hata muuzaji aape.

Huyo huyo atakuuzia sponji ya kuvisha tuyo, "ya kuzuia baridi". Ya nini? Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku wa mtaa wa Himbi una baridi yake, lakini ardhi haigandi. Hata Ulaya, tuyo ya ardhini hulindwa kwanza na kina: huzikwa chini ya pale barafu inapofika. Huku adui ni mawe makali ya lava. Ncha moja ikigusa tuyo, kila gari linalopita juu linaikandamiza palepale, mpaka ufa utokee. Sponji inabonyea tu.

Kinachokinga ni mchanga uliochekechwa, sentimita 10 chini ya tuyo na 10 juu yake. Mtaro wa upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 50 unakula karibu mita za ujazo 3.5. Kokoto za volkano zina makali, zirudishwe juu ya mchanga, zisiguse tuyo. Mwamba ukikataa kina cha sentimita 60, pitisha tuyo ndani ya PVC ya milimita 110 na umwage zege juu, hasa langoni. Upande wa Keshero na Mugunga, usimshushe fundi mtaroni alfajiri kabla ya upepo: mazuku, gesi nzito inayoua, hutuama mashimoni.

Udhaifu wa bidhaa hii uko kwenye rakori, yaani viungo vya kukaza. Kata tuyo kwa pembe mraba, lainisha ukingo, weka alama ya kina, paka maji ya sabuni, sukuma mpaka alama, kisha kaza. Ukingo mkali unachana mpira wa ndani, na tuyo isiyoupita mpira huo itavuja tu hata ukaze vipi.

Jambo jingine ni joto. PEHD ikipoa hupungua urefu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila digrii. Mita 50 zilizoungwa juani, zikipoa digrii 20, zinapungua sentimita 20 na kuchomoka kwenye rakori. Ilaze kwa mawimbi, ifunike mchanga, iache ipoe, ndipo uunge. Viungo viache wazi mpaka maji yapite kwa presha kamili na kila rakori ibaki kavu.