Divine asilimia 70: mkulima wa Ghana anapata nini kwenye pakiti moja?

Chokoleti nyeusi ya Divine ya gramu 90 ina nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki. Kokoa yake inatoka Ghana, kwa wanachama wa Kuapa Kokoo, ushirika ulioanzishwa mwaka 1993. Ladha ni ya kokoa ya Ghana hasa: nzito, chungu kiasi, haina uchachu wa kukera. Mafuta ya mawese hayamo. Usiiweke kwenye friji bila kuifunga vizuri, maana unyevu huifanya iote weupe juu. Si ukungu, lakini ulaini unapotea. Anayependa ladha za matunda na maua hataipenda sana.

Ila wengi huinunua kwa ajili ya mkulima, basi tupige hesabu ya mkulima. Asilimia 70 ya gramu 90 ni gramu 63 za kokoa. Punje zikikaangwa na kutolewa maganda hupungua kama moja ya tano, kwa hiyo zimehitajika karibu gramu 79 za punje kavu. Kiwango cha Fairtrade kilichoanza Oktoba 2019 kinaongeza dola 240 kwa kila tani juu ya bei. Kwa pakiti hiyo ni kama senti 2 za Marekani. Chokoleti ya maziwa yenye kokoa asilimia 26, kwa uzito uleule, haifikishi hata senti 1. Kwa hiyo chukua nyeusi.

Senti 2 ni kidogo, hilo halifichiki. Zinapata nguvu zikikusanywa: nyongeza hiyo huingia kwenye ushirika, na wanachama ndio wanaoamua itumike kwa kisima, darasa au mapanga ya shambani. Tani 50 za msimu mmoja huleta dola 12,000. Tatizo ni kwamba ushirika hulipwa nyongeza kwa tani zilizopata mnunuzi wa Fairtrade tu. Mavuno mengine, ya mashamba yaleyale na ubora uleule, huuzwa kama kokoa ya kawaida. Hapo ndipo mnunuzi wa dukani anapogusa maisha ya mkulima: pakiti zikiuzwa zaidi, tani zinazolipiwa nyongeza zinaongezeka.

Kuna faida nyingine ambayo pakiti haiielezi, nayo ni mizani. Nchini Ghana bei ya shambani hupangwa na serikali kupitia COCOBOD, bodi yake ya kokoa, hivyo mnunuzi mdanganyifu hachezi na bei, anacheza na kipimo. Gunia la Ghana ni kilo 64. Ukipunjwa kilo 2 kila gunia, kwenye tani nzima umepoteza kilo 31 hivi. Kuapa Kokoo iliweka utaratibu wa kila kijiji kujichagulia karani wake wa kupima, mtu anayefahamika na anayeweza kuondolewa. Kwetu sisi, jambo hili lina uzito kuliko nembo yenyewe.

Bei ya chini kabisa ya Fairtrade, dola 2,400 kwa tani, iliyowekwa pia mwaka 2019, ni kinga ya siku mbaya. Mwaka 2024 soko la dunia lilipita dola 10,000, na kinga hiyo haikuwa na kazi.

Umiliki ndio ulioifanya Divine iwe tofauti. Ilianza mwaka 1998 wakulima wakiwa na hisa, na mwaka 2006 kampuni ya vipodozi ya The Body Shop ilipowapa hisa zake, sehemu yao ikafika asilimia 45. Mwaka 2020 kampuni ya Weinrich ya Ujerumani ilichukua hisa nyingi, Kuapa ikabaki na asilimia 20. Bado ni zaidi ya wanachopata wakulima wa karibu chokoleti zote za rafu ileile, lakini tunasikitika kwamba sehemu yao imepungua.

Ukiona mshale pembeni mwa nembo ya Fairtrade kwenye chokoleti yoyote, geuza pakiti usome nyuma. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiwandani kokoa imechanganywa na nyingine: mkulima amelipwa kwa kiasi kilekile, ila punje ulizokula huenda si zake.

Anayetaka kokoa ya Tanzania atafute chokoleti zilizoandikwa Kokoa Kamili, kampuni ya Mbingu, Kilombero, inayonunua kokoa mbichi kwa wakulima na kuivundika yenyewe. Nyingi hazina nembo ya Fairtrade. Hapo angalia kama mtengenezaji anatangaza bei aliyolipa kwa tani. Wapo wanaofanya hivyo kila mwaka, na tarakimu hiyo unaweza kuilinganisha na ya soko.